Pesa ya mizani si "peso"

Pesa, kwa maana yake ya awali hapa Unguja na Pemba, ni kipande cha shaba: sarafu ndogo ya kununulia vitu vidogo, ambayo 64 zake zilifanya rupia moja. Maana ya leo, inayokusanya noti, sarafu na hata salio lililomo ndani ya simu, ni upana ambao neno limeupata baadaye. Ufafanuzi wenyewe ni huo tu, wala nisingekaa kuuandika lau si kwa kusikia tena, kwa mara ya tatu mwaka huu, kwamba jina hilo tuliachiwa na Wareno.

Safari hii lililetwa na kijana wa mtaani kwetu aliyeazima mashine ya kutafutia madini na kuipitisha, kwa ridhaa ya wazee wake, katika ua wa nyumba ya babu yao. Mashine ililia karibu na kizingiti cha mlango wa nyuma, na chini ya udongo uliochanganyika na chokaa akatoa kipande cha duara, upana wake sentimita mbili na nusu hivi, kimevaa kutu ya kijani, na upande mmoja kimechorwa mizani. "Shikamoo ami. Tumepata peso ya Wareno," aliniambia. "Tazama mizani yake, maana peso ni uzito. Na mwaka wake huu hapa, 1299."

La mwaka ni jepesi. Tarakimu hizo ni za Kiarabu na hesabu yake ni ya Hijria, kwa hiyo 1299 inaangukia 1881 na 1882 za Miladia. Lau ingekuwa 1299 ya Miladia, sarafu hiyo ingewatangulia Wareno wenyewe kwa takriban miaka 200, kwani Vasco da Gama alifika pwani hii 1498. Aliyetoa sarafu hiyo ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na jina lake limeandikwa upande wa pili kwa yeyote anayejua kusoma herufi za Kiarabu.

La "peso" ndilo linalohitaji subira, kwa sababu lina sura ya ukweli. Ni kweli kwamba neno hilo la Kihispania lina maana ya uzito. Lakini peso ilikuwa sarafu gani? Ilikuwa kipande kikubwa cha fedha, na kipande hicho kilifika hapa, kikajulikana sana na kikapewa jina na wazee wetu, na jina walilokipa halikuwa pesa. Walikiita reale ya mzinga, kwa kuwa zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake waliziona kama mizinga ya vita, wakaitofautisha na reale ya Sham, ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo hadi leo huandikwa 1780 hata ikiwa imegongwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kwa hiyo tunaambiwa tuamini kwamba watu waliishika peso yenyewe mkononi wakaiita reale, kisha jina la peso wakaenda kulibandika kwenye kipande cha shaba ambacho zaidi ya 100 ndivyo vilivyovunja reale moja. Sioni mtu wa sokoni anayeweza kufanya hivyo.

Pesa ni paisa. Neno limevuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na sarafu yenyewe, mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu waliokuwa wakienda na kurudi kwa misimu ya kaskazi na kusi. Kule paisa nne zilifanya ana moja, na ana 16 zikafanya rupia, ndiyo maana tunaipata ile 64. Hesabu haikuzaliwa hapa, imekuja na jina lake. Wanaisimu wengi wanalihusisha neno hilo na neno la Kisanskriti lenye maana ya robo, jambo linaloafikiana na robo ya ana. Tena Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja 1870, tayari anaiandika pesa kuwa ni robo ana ya Kihindi, miaka zaidi ya kumi kabla Barghash hajagonga sarafu yake. Jina lilikuwapo kabla ya mizani ya Barghash, kwa hiyo haliwezi kuwa limetokana nayo.

Na mizani yenyewe? Hapa ndipo ninapopenda watu wasogee karibu. Robo ana zilizotolewa Bombay na Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki katika miaka ya 1830 zilikuwa na mizani vilevile, na baina ya vitanga vyake limeandikwa neno moja kwa herufi za Kiarabu: adili. Mizani ile ni ya uadilifu, haikupima uzito wa kitu. Mimi siwezi kuitazama pesa ya Barghash nisiione ile ya Bombay nyuma yake.

Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi kuitambua sarafu uliyoichimbua. Igeuze. Ukikuta simba wawili na ngao yenye msalaba, ni robo ana ya Kampuni; ukikuta maandishi ya Kiarabu matupu yenye jina la Barghash, ni ya kwetu. Tafadhali usiisugue kwa ndimu na mchanga kama sinia ya shaba. Niliwahi kuletewa moja iliyosuguliwa hivyo, inang'aa vizuri kabisa, na jina la Sultani halisomeki tena.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni kusema "pesa za Mtambwe" kwa hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984. Zile sarafu zaidi ya 2,000 ni za fedha, vipande vidogo vya karne nyingi kabla ya paisa yoyote kufika hapa. Fedha ni jina la madini kabla ya kuwa jina la mali. Limetoka kwenye neno la Kiarabu la madini hayo meupe. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayedhurika tukisema pesa au fedha kwa maana moja, na mimi mwenyewe nasema hivyo kila siku. Ila mtu anayeeleza alichokitoa ardhini anapaswa kusema pesa kwa shaba na fedha kwa fedha, la sivyo anayemsikiliza hatajua ameona nini.

Yule kijana nilimpa bahasha, nikamwomba aandike juu yake kabla hajasahau: "Pesa ya Barghash, shaba, 1299 Hijria, kizingiti cha mlango wa nyuma." Aliandika "peso" kwa mazoea, akasita, akaifuta o akaweka a.