Je, wajua lita moja ya petroli hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa?

Fundi mmoja wa Gerezani alipitisha kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba la moshi la Harrier, kikatoka bila doa. "Gari safi hili, kaka." Nikaamini, tena kwa miaka, kwamba gari lisilotoa moshi haliongezi hewa ukaa.

Sivyo. Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na kitambaa hakiinasi. Tena injini nzima, inayochoma vizuri, ndiyo inayogeuza karibu kaboni yote ya petroli kuwa hewa ukaa.

Kinachoshangaza zaidi ni uzito. Lita ya petroli ina gramu kama 740, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.3. Imetoka wapi ziada hiyo? Angalia sufuria ya ugali: unatia kilo moja ya unga, unaipua ugali unaozidi kilo mbili, kwa kuwa na maji yamo. Kwenye injini kaboni ndiyo unga, na oksijeni inayovutwa kutoka nje ndiyo maji. Kila gramu 12 za kaboni hushika gramu 32 za oksijeni. Harrier ikichoma lita 40, imeacha hewani kilo 92, uzito wa mtu mzima mwenye mwili.

Basi cha kuhesabu ni lita, na lita hufuata uzito wa gari. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anajua: jasho linamtoka anapouondoa, si ukishaanza kwenda. Foleni ya Mwenge ni kuondoka na kusimama, na kila breki hupoteza nguvu ile kama joto. IST ina kama tani moja, Harrier tani moja na nusu au zaidi. (Haibridi, yaani gari la petroli lenye mota ya umeme pia, huokoa sehemu ya nguvu hiyo, kwa hiyo uzito peke yake hausemi yote.)

Injini zimeboreka kweli, ila magari yamenenepa. Volkswagen Golf ya 1974 ilikuwa na kilo kama 800. Ya leo inapita 1,200. Katika Umoja wa Ulaya, wastani wa hewa ukaa kwa kilomita wa magari mapya, baada ya kushuka kwa miaka, ulipanda kuanzia 2017 hadi 2019. Kupungua sokoni kwa magari ya dizeli, ambayo hula mafuta kidogo kwa kilomita, kulichangia, na kuongezeka kwa magari makubwa yaliyoinuka (SUV) kulichangia pia.