Manati ya ndege ni nini, na barua zinahusikaje?

Manati tunayoijua wengi ni ile ya panda na mpira, ya kumwangusha ndege mtini. Hii nyingine kazi yake ni kinyume: huirusha ndege.

Bawa haliinui kitu mpaka hewa ilipitie kwa kasi ya kutosha. Kwa kawaida ndege huitafuta kasi hiyo yenyewe, injini zikinguruma, ikikimbia kwenye njia ya kurukia. Penye manati, kasi hutoka nje ya ndege. Inapandishwa juu ya kigari kilicho kwenye reli fupi, kisha kigari kinavutwa ghafla kwa mvuke, umeme, hewa iliyoshindiliwa au hata uzito unaoporomoka kutoka juu ya mnara. Huo mnara ndio waliotumia ndugu Wright, Wamarekani waliotangulia kurusha ndege yenye injini, mwaka 1904, karibu na Dayton, Ohio.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka kusimama hadi mita 40 kwa sekunde, ndani ya mita 30 tu za reli, ni kazi ya sekunde 1.5. Rubani anagandamizwa kitini kwa nguvu inayozidi mara mbili na nusu uzito wake. Asipoegemeza kichwa mapema, shingo itamsimulia.

Watu wakisikia manati hukumbuka manowari za kubeba ndege. Lakini posta nayo iliitumia, tena kwa biashara halali kabisa. Julai 1929 meli ya abiria Bremen, ikiwa katika safari yake ya kwanza kwenda New York, ilirusha ndege ndogo ya Heinkel huku bandari ikiwa bado mbali mamia ya kilomita. Barua zikatangulia, abiria wakafuata.

Shirika la Luft Hansa la Ujerumani lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1934 lilivusha barua kati ya Bathurst (leo Banjul, Gambia) na Natal, Brazil, kwa ndege-boti za Dornier Wal. Mwanzoni meli ya Westfalen ilisubiri katikati ya bahari. Ndege ilitua majini, ikajisogeza juu ya turubai kubwa lililokokotwa nyuma ya meli, kreni ikaipandisha sitahani, ikajazwa mafuta, ikarushwa tena. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu maji hung'ang'ania. Ndege-boti iliyosheheni mafuta huweza kuruka vizuri ikishakuwa angani, ila kujinasua majini ndiko kunakoishinda. Manati iliiondolea hatua hiyo moja tu, ngumu kuliko zote.

Abiria hawakupandishwa, na sioni ajabu: mfuko wa barua haulalamiki. Pia kiunzi cha ndege lazima kiimarishwe ili kistahimili mvuto ule, na injini ikizima mwisho wa reli hakuna pa kusimamia. Ndege za masafa marefu na viwanja vyenye njia ndefu vilipoenea, meli hizo zikakosa kazi.

Manati yenyewe haikufa. Tangu 2016, droni za kampuni ya Zipline hupeleka damu hospitalini nchini Rwanda. Hazina magurudumu. Hufyatuliwa kutoka kwenye reli iliyoinama, huangusha kifurushi kwa parachuti ya karatasi, na zikirudi hunaswa mkiani kwa waya.