Lebo ya Paris na ua lililosakwa miaka 38

Dhana: Lebo ya mmea mkavu ikitaja mahali, nenda hapo utaukuta.

Ukweli: Asa Gray aliamini hivyo, na ilimgharimu. Mwaka 1839 mtaalamu huyo wa mimea kutoka Marekani alikuwa Paris akipekua mimea mikavu ya André Michaux, Mfaransa aliyezunguka Carolina, Marekani, miaka ya 1780. Akakumbana na karatasi moja iliyobandikwa mmea usio na jina: majani ya mviringo yenye vijino pembeni, tunda, ua hakuna. Lebo ilisema mmea umetoka milima mirefu ya Carolina. Mwaka 1841 akapanda milima hiyo, akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata yeye na mtaalamu mwenzake John Torrey wakautangaza kwa jina la Shortia galacifolia, ilhali ua lake hawajaliona.

Kumbe Shortia si mmea wa vileleni. Makao yake ni kingo za vijito huko chini, kwenye unyevu na kivuli. Tena huchanua Machi, ua jeupe lililoinamisha kichwa. Gray alikwenda kiangazi, maua yameshapukutika. Aliyeupata, mwaka 1877, ni George Hyams, kijana wa miaka 17, kando ya mto Catawba huko North Carolina. Baba yake alikuwa akifanya biashara ya mitishamba, wala si profesa. Mwaka 1886 mtaalamu wa mimea Charles Sargent akaukuta kwenye chanzo cha mto Keowee, South Carolina, alikopita Michaux mwenyewe.

Lebo haikudanganya, ila ilisema kidogo mno. Mimi nikisoma lebo fupi namna hiyo huichukulia kama maneno ya shahidi mmoja.

Dhana: Kaunti isiyo na alama kwenye ramani ya mahali ua lilipochumwa haina ua hilo.

Ukweli: Pengine hakuna aliyewahi kupita pale na mkasi. Wakusanyaji hupenda kando ya barabara na jirani na vyuo vikuu. SERNEC, mtandao unaounganisha hebariamu (hifadhi za karatasi za mimea mikavu) za kusini-mashariki mwa Marekani, umerahisisha sana kazi ya kutafuta, lakini ramani inayotokana na karatasi hizo huonyesha nyayo za watu pamoja na mimea.

Dhana: Karatasi nyingi, mimea mingi.

Ukweli: Mara nyingi ni kinyume chake. Ua adimu hukimbiliwa, gugu la njiani hakuna anayehangaika nalo. Na mkusanyaji mmoja huchuma nakala kadhaa ili agawie hebariamu nyingine, kwa hiyo karatasi tano zenye jina moja na tarehe moja ni safari moja tu.

Dhana: Penye alama, ua bado lipo.

Ukweli: Tazama tarehe kwanza. Sehemu kubwa ya makao ya Shortia huko Keowee ilifunikwa na maji ya ziwa Jocassee, baada ya bwawa kukamilika mwaka 1973. Karatasi zilizochumwa bondeni humo kabla ya hapo ziko kabatini, zimekauka vizuri.