Betri na bili ya umeme ya biashara: tuanze na risiti

Juzi mama mmoja mwenye bucha pale Pasua, Moshi, alinisimamisha njiani. "Fundi, nasikia ukifunga betri bili inashuka nusu. Hebu nifungie na mimi." Nikamwomba kwanza anionyeshe risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Huwa namwomba kila mtu, kwa sababu betri haizalishi umeme hata yuniti moja, inautunza tu. Itakuokolea hela au itakula mtaji wako? Hilo linategemea aina ya bili unayolipa, na watu wengi Arusha na Moshi wanauziwa betri bila kuulizwa swali hilo. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia kila mara, tuyapime moja moja.

"Unachaji usiku umeme ukiwa wa bei rahisi, unatumia mchana."

Kauli hii inaniuma kuliko zote, maana kwingineko ni kweli kabisa. Majirani zetu Kenya walianza Desemba 2017 kuwapa viwanda na biashara kubwa bei nafuu kwa saa ambazo matumizi yako chini. Lakini angalia bei za EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, zilizoanza Aprili 2016. Kundi la T1, ambamo maduka, saluni na bucha nyingi zimo, lilipangiwa shilingi 292 kwa yuniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata kama shilingi 356. Saa nane usiku ni 356, saa nane mchana ni 356 ile ile.

Na ukipitisha umeme kwenye betri, kiasi kinapotea njiani. Betri nzuri ya lithiamu ukiiwekea yuniti kumi inakurudishia kama tisa. Ya risasi, ile ya maji, inarudisha nane au pungufu. Kwa hiyo yuniti ya 356, ikishalala kwenye betri ya lithiamu, inaamka ikiwa karibu 396. Yule mama angeongeza bili yake kwa hela yake mwenyewe.

Kinachoweza kumsaidia ni betri kuchukua nafasi ya jenereta umeme unapokatika. Jenereta ndogo ikiendesha mzigo mwepesi kama friza tatu, lita moja ya mafuta inatoa kama yuniti mbili tu. Ukinunua lita kwa shilingi 2,800, yuniti moja imekugharimu 1,400. Weka hiyo mbele ya 396 uone tofauti. Ila nilimwambia na jambo lingine ambalo muuza betri hatakwambia: friza iliyojaa, isipofunguliwafunguliwa, inashika baridi hata siku mbili. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nyama iliyoganda haina shida. Taabu iko kwenye friji ya kuuzia, inayofunguliwa kila dakika.

"Mota ikiwaka tu, bili inaruka."

Hapa tunahamia kwa wenye mashine, waliopita wastani wa yuniti 7,500 kwa mwezi na kuingizwa kundi la T2. Kwa bei hizo hizo za 2016, yuniti yao ni shilingi 195, lakini kuna mstari wa pili kwenye bili: shilingi 15,004 kwa kila kVA moja, kila mwezi. kVA ni kipimo cha ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja. Mita inatafuta nusu saa moja ambayo ulivuta umeme mwingi kuliko zote, na unalipia hiyo.

Ni kweli mota ikianza inavuta hata mara sita ya kawaida yake. Lakini inavuta hivyo kwa sekunde chache, na nusu saa ina sekunde 1,800. Haigusi sana wastani wa nusu saa hiyo. Kinachopandisha ni kuwasha vyote kwa pamoja na kuviacha vikikimbia.

Mwenye mashine za nafaka mmoja pale Unga Limited, Arusha, alinipa bili yake, imekunjwa mara nne, ina vumbi la unga. Kawaida yake ni kVA 80. Mwezi ule ilisomeka 118. Kumbe umeme ulikatika kutwa nzima, kesho yake wakawasha za kukoboa na za kusaga zote ili kumaliza foleni ya magunia. Ile kVA 38 ya juu ilimgharimu shilingi 570,152 kabla ya kodi. Wala haikuishia hapo. Kwa utaratibu wa bili, unalipia kilicho kikubwa kati ya kVA ya mwezi huu na asilimia 75 ya kilele cha miezi mitatu iliyopita. Asilimia 75 ya 118 ni 88.5. Akalipia kVA 8.5 za ziada miezi mitatu mingine, wakati mashine zake zilishatulia.

Betri ingemwokoa? Kama kilele ni cha saa moja, ndiyo, inatoa umeme wakati huo na mita haioni mzigo wote. Kama mnakimbiza mashine kutwa, betri inaisha alasiri, na nusu saa moja inatosha kukuandikia kVA mpya. Kwake tulikubaliana wakoboe asubuhi, wasage mchana. Hakutoa hata senti.

Kabla ya betri, mtu wa T2 aulize pia habari ya kapasita, kifaa cha kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaouvuta ambayo inafanya kazi kweli. Mota nyingi zinavuta kVA zisizofanya kazi. Mzigo wa kilowati 60 wenye pawa fakta ya 0.75 unasomeka kVA 80. Ukiirekebisha hadi 0.95, unasomeka kama 63. Hapo umeokoa zaidi ya laki mbili na nusu kila mwezi, kwa kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na betri.

"Sola bila betri ni kazi bure."

Sivyo. Karakana ya seremala inafanya kazi jua likiwaka, umeme wa sola unaingia moja kwa moja kwenye randa. Mwoka mikate anayeanza saa tisa usiku, huyo ndiye wa betri. Na Juni hadi Agosti, mawingu yakiukalia mji wa Moshi wiki nzima, usimwahidi mtu kwamba ataachana na TANESCO.

"Betri ni betri, hata ya gari."

Ya gari imetengenezwa kwa kupiga stata. Ukiimaliza kila siku, inakufa upesi. Hata ile ya risasi iliyotengenezwa kwa sola, usiivute zaidi ya nusu. Na usiiweke stoo chini ya bati: kila joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Moshi, Februari, stoo ya bati unaijua mwenyewe.

Jumamosi narudi Pasua na kipimo. Tutakifunga kwenye friji ya kuuzia siku nzima tuone inakula yuniti ngapi, ndipo mimi na mama tuzungumze ukubwa wa betri.