Kijiwe kwenye tairi sio pancha, kisu kiacheni jikoni

Leo tena. Mteja kaja mbio, "fundi, tairi imejaa mawe, nusu nimeyatoa ila naona itapasuka tu." Nikapiga jeki, nikazungusha gurudumu, na kweli kayatoa, tena kwa kisu cha jikoni, chini ya mfereji (ule mtaro uliochongwa kwenye mpira wa tairi) kuna mikato mitano utadhani tairi imechanjwa chale. Vijiwe masikini havikuwa na kosa.

Sikieni basi. Kijiwe cha mviringo kikibanwa kati ya kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) mara nyingi hakifiki chini, kimeshikwa ubavuni tu. Kwenye lami kitalia tik tik tik, ukikanyaga mafuta nacho kinaongeza (usichanganye na sivijointi mbovu, kile kiungo cha ekseli ya gurudumu, yenyewe inagonga zaidi ukikata kona), halafu siku moja kinachomoka chenyewe kinamfuata aliye nyuma yako. Basi.

Kinachonipandisha presha ni vile vinundu. Tairi nyingi, hasa za lori, chini ya mfereji zina vijinundu vya mpira vimejipanga katikati kwa mstari, havigusi kuta za kashata, kazi yake ni kumzuia jiwe asikae chini na kumsukuma nje mpira unapobonyea na kurudi. Watu wanavichokonoa wakidhani ni vijiwe! Wengine wanabisha kabisa kwamba ndio alama ya tairi kuisha. Sio. Alama ya kuisha inakatiza mfereji ukuta hadi ukuta, kimo chake milimita 1.6, kashata ikilingana nayo tairi hiyo kwisha habari yake. Sasa huyu anatupa tairi yenye milimita 5 nzima, yule anatembelea kipara kwa raha zake, na wote wawili wananifundisha mimi kazi.

Haya, na mimi nisijifanye mjuaji, kuna jiwe la kuogopa. Dogo, lenye ncha, likishatua chini kabisa kila mzunguko linagongwa kama patasi, linachimba mpaka linakuta waya za chuma zilizo ndani ya tairi, maji yanaingia, waya zinaoza kwa kutu huku nje tairi inameremeta. Nimeyaona hayo kwenye lori zinazoshinda kwenye kokoto. Gari ndogo? Miaka yote hii sina pancha hata moja ya kuapia kwamba ni kijiwe peke yake. Na hivyo vinundu vyenyewe tusidanganyane, nimeshakuta mawe yamekaa juu yake raha mustarehe.

Ukitaka kutoa, chukua bisibisi butu, fuata mfereji, usichome wima. Na kabla ya kung'oa angalia vizuri, "jiwe" linalong'aa ni kichwa cha skrubu au msumari, hilo liache hapo hapo, mwagia maji ya sabuni, yakitoa mapovu lete kwa fundi. Ukiling'oa barabarani upepo wote unakuaga.

Yule wa leo, kwenye ile nusu aliyobakiza, moja lilikuwa msumari. Bahati yake kisu kilikuwa hakijalifikia.