Kwa nini "usione aibu" humzidishia mtu aibu?

Wengi huamini aibu huondoka ukimtuliza mtu: "Usione aibu, hayo ya kawaida." Hata washauri nasaha wanaoanza kazi huteleza hapo, tena kwa nia njema.

Chukua mtu aliyevaa kanzu nyeupe harusini, ikadondokewa na mchuzi. Jirani anamnong'oneza: "Wala halionekani." Mkono unakwenda wapi? Kwenye doa. Ameambiwa mawili kwa mpigo: kwamba doa limeonekana, na kwamba kuhangaika kwake kumeonekana pia. Mteja naye akiambiwa asione aibu huondoka na aibu mbili, ile aliyokuja nayo na ya kushindwa kuiacha.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Helen Block Lewis alitenganisha aibu na hatia. Mwenye hatia huliona doa, nalo lafulika: ataomba radhi, atalipa. Mwenye aibu hujiona yeye mzima ni tambara la deki. Tambara halifuliwi likawa kanzu, hufichwa.

Ndiyo maana mshauri mzoefu hukiweka kisa kando kwanza, akafuata dalili: macho yameanguka, sauti imefifia, kicheko kimetoka pasipo cha kuchekesha. Huuliza taratibu, "Uliposema hilo, ulidhani nimekuwazia nini?" Kisha humwalika mteja amtazame usoni, aone kama dharau aliyoitarajia ipo. Viti vikae mshazari, macho yapate pa kukimbilia.

Mwanasaikolojia Mwingereza Paul Gilbert alikuta jambo la ajabu: wateja walijua kujijibu kwa hoja nzuri, lakini kichwani walizisema hoja hizo kwa sauti ya kufoka. Basi tiba yake hufundisha toni ya upole, pamoja na pumzi za taratibu, kama 5 au 6 kwa dakika. Tafiti zinaelekea upande wake, ingawa nyingi ni za watu wachache, na wapo ambao upole wenyewe huwatisha.

Kinachoharibu zaidi ni siri inayotoka dakika 5 za mwisho. Mteja hubaki nayo peke yake wiki nzima, na kikao kijacho huenda asije. Bora mshauri aisimamishe njiani, waifungulie kikao kinachofuata.

Tena "mficha uchi hazai" ina mipaka yake. Marsha Linehan, aliyeanzisha tiba inayomtaka mteja atende kinyume na msukumo wa kujificha, huweka sharti: asifichue kwa mtu ambaye kweli atamtupa.