Kitufe chekundu cha leza: dhana potofu na ukweli

Projekta ya leza yenye nguvu inayozidi wati 0.5 iko katika Daraja la 4, la hatari kuliko yote, la kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1, nazo za matamasha karibu zote zimo humo. Mwale wake ukiingia jichoni hukusanywa na lenzi kuwa nukta moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ukali wake huongezeka kwa takriban mara 100,000. Kope huhitaji kama sekunde 0.25 kufumba. Retina yenyewe haina hisi ya maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuungua na kuendelea kucheza. Fundi anayechezesha leza huwa na kitufe chekundu cha dharura mbele yake, na mengi yanayoaminiwa kuhusu kitufe hicho ni hatari.

"Ukikibonyeza, kinatuma amri ya kuzima."

Kitufe kilichosanifiwa vizuri hakitumi chochote. Mkondo mdogo wa umeme hutoka kwenye projekta, hupita kwenye kebo hadi kitufeni, kisha hurudi. Maadamu unazunguka, leza ina ruhusa ya kuwaka. Kubonyeza kunakata mzunguko na ruhusa inaondoka. Basi hata kebo ikikatwa au plagi ikichomoka, leza inazima. Kitufe kinachofunga mzunguko ili kuzima kinaweza kuwa kimekufa tangu asubuhi, na hakuna atakayejua hadi saa ya kukihitaji.

Kiungio cha pini 25 cha ILDA, chama cha kimataifa cha maonyesho ya leza, kimetenga pini ya 4 na ya 17 kwa kazi hii. Projekta nyingi zina pia soketi ya XLR ya pini 3, kama ya maikrofoni, ila watengenezaji hawaziungi pini hizo kwa namna moja. Soma kitabu cha mashine, kisha pima kwa multimita.

"Mzunguko mmoja unatosha."

Kasha la spika likipita juu ya kebo, waya mbili zikabanwa na kupiga shoti, mkondo utaendelea kuzunguka bila kufika kitufeni. Bonyeza utakavyo, leza haizimi. Ndiyo maana kitufe cha kweli kina njia mbili, kila moja na waya zake, na relei ya usalama (swichi inayoendeshwa na umeme) inayozilinganisha: moja ikifunguka na nyingine isifunguke, inakataa kuwasha tena. Relei nazo hugandisha kontakti zake kwa cheche, hivyo huwekwa mbili mfululizo, na kila moja huchunguzwa kama imeachia kabla leza haijaruhusiwa kuwaka upya.

Kuna hitilafu nyingine ambayo wachache huikumbuka: kipande chenye kontakti kinaweza kuchomoka nyuma ya kichwa cha kitufe. Kichwa kinashuka kama kawaida, ila hakigusi kitu. Vipo vitufe vinavyofungua mzunguko vyenyewe kipande kikichomoka. Nunua hivyo.

"Kukata umeme wote ndiko salama zaidi."

Hili huwapotosha hata mafundi wa umeme hodari, kwa sababu kwenye mashine nyingine ni kweli. Mwale wa leza ni nukta moja tu. Picha unayoiona angani inatokana na vioo viwili vidogo vya galvo, yaani vyenye mota ndogo, vinavyoutikisa kwa kasi kubwa. Ukikata umeme wa ukutani, kapasita za ndani, zinazohifadhi umeme, bado zina chaji. Vioo vikitangulia kusimama na diodi inayotoa mwale ikabaki inawaka kwa muda mfupi, nguvu yote iliyokuwa imetawanyika itatua mahali pamoja. Kitufe kikate kwanza umeme wa diodi na kuangusha kizibo cha mwale, kizibo kinachofungwa na springi wakati hakina umeme. Vioo viachwe vikicheza.

"Nina blackout, amri ya kuzima taa zote, kwenye DMX."

Kiwango cha DMX512, cha kuongozea taa za jukwaani kwa kebo, chenyewe kinasema kisitumike kuongoza vitu vya hatari, maana hakina njia ya kukagua makosa ya data. Tena, signali ikipotea, vifaa vingi hushikilia hali ya mwisho.

"Rimoti ya geti itafaa."

Rimoti ya geti hutuma signali inapobonyezwa tu, kwa hiyo betri ikiisha, amri ya kuzima haitafika. Mfumo wa redio unafaa ikiwa kisambazaji kinatuma "nipo" bila kukoma, na kipokezi kinazima leza mara tu ujumbe huo unapokosekana.

"Umeme ukirudi, shoo iendelee yenyewe."

Hapana. Sheria ya Marekani, 21 CFR 1040.10, inataka leza ya daraja hili iwashwe upya kwa mkono baada ya mzunguko wa usalama kukatwa, au umeme kupotea ghafla kwa zaidi ya sekunde 5. Sisi tunaohamia kwenye jenereta katikati ya shoo tunalihitaji sharti hili kuliko wengi. Hata kukiachia kitufe kusiwashe leza. Fundi atazame kwanza ukumbi, kisha abonyeze kitufe kingine cha kuwasha.

"Tukiwa na kitufe, tunaweza kumulika watu."

Mwaka 2008, katika tamasha la Aquamarine karibu na Kirzhach, Urusi, makumi ya watazamaji walijeruhiwa retina kwa leza zilizowamulika. Leza ya mapigo, inayotoa mwanga kwa vipindi vifupi mno vyenye nguvu kubwa, inaweza kuunguza kwa pigo moja, na hakuna kidole kinachoweza kuiwahi. Kwa kawaida Marekani hutaka mwale upite angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watazamaji na mita 2.5 kutoka pembeni mwao, kitufe kiwepo au kisiwepo.